Banani na Swali la Makazi: Kanisa Dogo katika Maisha ya Kiraia ya Pemba

Kitabu cha Henry Stanley Newman kiitwacho Banani, kilichotolewa London mwaka 1898, hakisomwi sana katika vyuo vyetu. Hiyo ni hasara. Si kwamba ni kitabu kikubwa cha theolojia. Bali chatuonyesha, pengine pasipo mwandishi kukusudia, jinsi kanisa dogo linavyoingia katika mambo ya kiraia ya kisiwa cha Waislamu, na mahali linapojikwaa.

Newman alikuwa Mkweka, yaani mtu wa Kanisa la Marafiki wa Uingereza. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba. Marafiki, wakiwa na Theodore Burtt kama kiongozi wao huko, wakapata shamba la mikarafuu Banani, karibu na Chake Chake, ili waliopata uhuru wafanye kazi ya ujira.

Amri yenyewe hatuna budi kuieleza, maana pasipo hiyo kitabu hakieleweki. Haikumwachia mtumwa huru moja kwa moja. Ilisema tu kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu yake. Mtumwa mwenyewe ndiye aliyepaswa kwenda kudai, na bwana akalipwa fidia. Masuria hawakuingizwa hadi mwaka 1909. Tena, aliyepewa uhuru alitakiwa kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Lakini ardhi ilikuwa ya nani? Aliyemwacha bwana aliacha kibanda, aliacha na konde la muhogo.

Hapo ndipo tunapoona ubora wa kazi ya Marafiki. Walitambua kwamba mtu asiye na mahali pa kukaa hawezi kuutumia uhuru alioandikiwa, wakampa mahali. Wako wamisionari wengi walioanza na mahubiri wakaishia hapo. Hata hivyo Newman aupima uhuru kwa kipimo cha kazi mno, na swali moja halimsumbui inavyostahili: aliyehamia Banani bado alikaa juu ya ardhi ya mwingine. Misheni ilikuwa imekuwa mwenye shamba. Hatusemi kwamba mwenye shamba huyu alikuwa sawa na yule wa kwanza. Kulinganisha hivyo kungekuwa dhuluma. Twasema tu kwamba kitabu kinachojitangaza kuwa habari ya kutoka utumwani kwenda kwenye uhuru kingepaswa kulishughulikia jambo hilo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. J. P. Farler, aliyekuwa Arkidikoni wa UMCA huko Magila, aliingia utumishi wa serikali akawa kamishna wa mambo ya utumwa Pemba. Mtu wa Kanisa, basi, ndiye aliyekaa mlangoni ambapo mtumwa alikuja kudai uhuru wake. Farler aliogopa uzururaji na kuanguka kwa mashamba, akapendelea mapatano ya kazi kati ya watumwa na mabwana zao. Marafiki na Chama cha Kupinga Utumwa waliulalamikia mwendo wa pole wa serikali. Wakristo walikuwa pande zote mbili za meza ileile, nao waliosoma Warumi 13 hawakuisoma kwa namna moja. Sisi Walutheri, wenye Ungamo la Augsburg na kifungu chake cha 16 juu ya mambo ya utawala, tusijione tuko mbali: kifungu hicho chamruhusu Mkristo kushika wadhifa, lakini hakimwambii afanye nini mwombaji anaposimama mbele yake.

Swali la makazi halikuisha na watumwa. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar yadai mpiga kura awe mkaazi wa jimbo kwa muda uliowekwa, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kikawa sharti la kuandikishwa. Mwaka 2009 uandikishaji ulisimamishwa Pemba baada ya watu kulalamika kwamba wamenyimwa vitambulisho hivyo. Tukumbuke na Januari 27, 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Human Rights Watch ilitaja vifo visivyopungua 35, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Kenya.

Katika mambo hayo sharika za Pemba zina ugumu wake. Sehemu kubwa ya waumini wametoka bara. Wengine ni askari, walimu, watumishi wa serikali. Jirani Mwislamu amwonapo Mkristo, mara nyingi humwona mtu wa serikali, na mtu wa bara ambaye ukaazi wake mwenyewe hubishaniwa wakati wa uchaguzi. Kamati ya Pamoja ya Viongozi wa Dini Zanzibar, ambayo kazi yake ya miaka 2005 hadi 2013 imeandikwa na Arngeir Langås, ilijaribu kulivuka pengo hilo kwa mazungumzo, nayo yastahili heshima. Lakini kamati hukaa mezani na viongozi. Mwombaji wa kitambulisho husimama mlangoni kwa sheha, na mchungaji anayekwenda pamoja naye, hata kama mwombaji huyo ni Mwislamu na sheha ni rafiki wa usharika, anafanya kile ambacho Farler, kwa kiti alichokalia, hakuweza kukifanya.