Nafasi ya Unywele

Mgeni aingiaye Goma akakiona chukudu kwa mara ya kwanza, yaani kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani uliotanuka mithili ya pembe za ng'ombe, kikiteremka kutoka nchi ya juu na magunia ya viazi na makaa yaliyopangwa hata yakapita kimo cha mtu, aghalabu hustaajabia shehena. Bali mimi hutafuta kwa macho kile kipande cha mpira wa tairi kuukuu kilichowekwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mwendeshaji hukikandamiza kwa mguu atakapo kupunguza mwendo. Hiyo ndiyo breki yake, au freni, kama wasemavyo wenyeji walioirithi istilahi hiyo kutoka Kifaransa. Na ndani ya mpira ule umo msingi wa elimu yote ya kusimamisha vyombo, kwa kuwa breki ya gari, hata liwe la fahari kiasi gani, ni kitu kilichotulia kinachokisugua kitu kinachozunguka, mpaka mwendo ukageuka joto na joto likapotelea hewani.

Elimu hiyo niliitazama kwa utulivu siku moja huko Himbi, mtaa wa kando ya ziwa Kivu, katika ua uliozungushiwa ukuta wa mawe meusi ya volkano, ambamo fundi mmoja mtu mzima alikuwa ameiinua juu ya magogo Land Rover ya toleo la tatu, lile lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1971. Gari la namna hiyo lina ngoma za chuma katika magurudumu yake yote manne, kwa kufuata njia aliyoifungua Mfaransa Louis Renault mwaka 1902. Na ndani ya kila ngoma mna viatu viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vilivyovikwa lainingi, ambavyo dereva akikanyaga hutanuka na kuukumbatia ukuta wa ngoma kwa ndani, na akiinua mguu hurudishwa mahali pao kwa springi.

Alipoichomoa ngoma ya kwanza, kijana wake aliinama ili apulize lile vumbi jeusi lililojaa ndani, naye akamzuia kwa mkono, akachovya tambara majini, akalipangusa taratibu. Maana lainingi za zama zile zilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni hukaa humo miaka mingi kabla ya kudai deni lake. Kisha akazing'oa ribiti za shaba, akaibandua lainingi iliyokwisha, akaweka mpya, akaanza kuipigilia kutoka katikati kuelekea ncha zote mbili, si kinyume chake, ili ilale juu ya kiatu bila kuacha uvungu. Na kila kichwa cha ribiti akakizamisha chini ya uso wa lainingi, kwa sababu kichwa kimoja kikichomoza huichora ngoma mpaka ikaharibika. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akapaka chaki usoni mwa lainingi, akairudisha ngoma, akaizungusha mara mbili kwa mkono huku viatu vikigusa, akaifungua tena. Pale chaki ilipofutika palikuwa pameinuka, akapapiga tupa kidogo. Pale ilipobaki palikuwa hapajagusa. Akapaka tena, akafungua tena, hata ikafutika kwa usawa kutoka ncha hadi ncha.

Zikaja zamu za silinda ndogo, zile zinazovisukuma viatu. Alizifungua, akapitisha ukucha ndani yake kama mtu apimaye makali ya wembe, na moja ambayo ukucha ulikwama katika shimo la kutu akaiweka kando, akatia mahali pake mpya iliyotoka Kampala, ilhali nyingine alizivika mipira mipya. Mipira hiyo ina adui mmoja ambaye madereva wengi humwita rafiki, nayo ni mafuta ya injini. Kwani mtu akipungukiwa na mafuta ya breki safarini akamimina ya injini, mipira huvimba, huziba na kukwama, na lile alilolitia kwa kujiokoa likawa ndilo la kumwangamiza. Na mafuta ya breki yenyewe hayakosi aibu, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa, na katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka milima ya Masisi hadi Sake, maji yale huchemka yakawa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa. Basi mguu wa dereva hushuka hadi sakafuni, na gari lisijue kwamba limeamriwa.

Kwa hiyo upepo hautakiwi ndani ya mirija hata kiputo kimoja. Kijana alipanda kitini, fundi akalala chini ya gurudumu la nyuma la kulia, lililo mbali kuliko yote na silinda kuu, akachomeka mrija mwembamba ndani ya chupa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, papa."

"Shika! Usiachie!" Akalegeza nati, mafuta yakatoka yakitoa povu, akaikaza. "Haya, achia."

Maneno hayo matatu yalirudiwa mara nyingi hata nikayaona kama dhikiri, mpaka mafuta yakaja safi, tena kimya.

Hapo nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndipo ilipofika mahali pake pa ustadi. Nyuma ya kila gurudumu mna nati inayozungusha kipande cha chuma kilichojiviringa kama konokono, nacho hukisogeza kiatu karibu na ngoma au mbali nayo. Fundi aliizungusha mpaka gurudumu likakataa kabisa kwenda, kisha akairudisha nyuma kidogo kidogo hata likazunguka tena, likinong'ona. Ikizidi nafasi, mguu huchelewa kupata jibu, na ngoma ikipata moto na kutanuka, kiatu huifuata bila kuifikia. Ikipungua, kiatu husugua safari nzima hata kikajiunguza, na siku ya haja kisiwe na nguvu iliyobaki.

Nikiwa nimeegemea ukuta ule, nilikumbuka kwamba jiwe lake lenyewe ni mwendo uliokosa kizuizi, maana tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la volkano ya Nyiragongo lilimwagika likakauka kwa muda usiotimia saa, na tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulipasua katikati ya mji hata ukaingia ziwani. Watu wa mahali kama hapa hawahitaji kuhubiriwa ubora wa kuzuia. Lakini fundi wangu alikuwa akifundisha nusu ya pili ya somo, ambayo sisi walezi na wakubwa wa kila namna huisahau, tukidhani kwamba kizuizi kikibana daima ndipo kimekamilika.

Jioni walilitoa gari njiani, wakaenda nalo mwendo wa robo saa, wakarudi. Fundi hakuuliza kitu. Alilizunguka akigusa ngoma moja baada ya nyingine kwa kiganja, kama mama apapasaye vipaji vya watoto wake usiku, akasita kwenye ile ya mbele kushoto.

"Huyu ana homa," akasema, akaitisha spana.

Kijana, aliyekwisha kunawa mikono, alinung'unika: "Papa, si inasimama?"

"Kusimama inasimama," akajibu, naye amekwisha kulala chini. "Kuachia ndiyo haijaachia."