Soko si fujo: tupime vizuri masemi ya kartie yetu

Mwalimu akikuta darasa linapiga kelele, anauliza: «Hapa ni ku soko?» Sisi wenyewe tumelisema neno hilo miaka mingi mbele ya wanafunzi wetu. Leo tunataka kulirudilia na kulipima, kwa sababu tunaona kama tulikosa.

Tunakaa katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, mwendo mufupi na soko kubwa ya komini. Lakini soko tunayosema hapa si ile kubwa. Ni ile ndogo inayozaliwa kila siku kandokando ya barabara, kuanzia saa kumi ya mchana. Bamama wanatandika gunia chini, wanapanga lengalenga, sombe, nyanya, samaki wa kukausha kutoka Kasenga, unga iliyopita mupaka wa Kasumbalesa. Mvua zikishika, buyoga na finkubala zinafika. Usiku ukiingia, taa ndogo za betri zinawaka, na soko inaendelea.

Mutu mwenye kupita mbio anasikia kelele tu. Mwenye kusimama anasikia ufundi.

Ufundi wa kwanza ni kupanga. Nyanya ine chini, moja juu: hilo ni fungu. Ile ya juu ni nzuri kupita zote, na kila mununuzi anajua, ndiyo maana anainua kwanza zile za chini. Hakuna mwenye kukasirika. Ni kama wanasalimiana.

Wa pili ni kuita. Mama wa samaki hasemi paka «samaki, samaki». Anamwangalia mutu anayerudi kazini, anamwambia: «Baba, bukari iko ya moto ku nyumba, na weye unaingia mikono mutupu?» Baba lazima ajibu. Akicheka, amekwisha kushikwa. Hapo bei inaanza: «Ni ngapi?» «Elfu tatu.» «Punguza ata kiloko.» «Na miye nitakula nini?» Mwisho wa yote: «Na basela?» Mukono wa mama unaongeza samaki mudogo moja juu ya fungu.

Tuseme kidogo juu ya basela. Kilo haina basela. Mashini ya kupima haijui jirani yako ni nani. Bei inamaliza biashara, lakini basela inafungua ya kesho. Mama asiyetoa basela hakuvunja sheria yoyote, hata hivyo watu watampita. Ni desturi ya mujini, iliyoungwa na watu wa makabila mengi waliokutana hapa tangu muji ulipoanzishwa mwaka 1910.

Wazee watakumbuka kundi la Mufwankolo, lililocheza tamthilia kwa Kiswahili yetu ya Lubumbashi. Mwaka 1986 walitengeneza igizo juu ya methali «Le pouvoir se mange entier», na Johannes Fabian akaandika kitabu juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990. Hawakuanza na maandiko. Walizungumza, wakajaribu, mumoja akitupa neno na mwingine akalidaka. Sisi tunaona ufundi huo ni ndugu ya ule wa bamama wetu: neno halifai kitu mpaka lijibiwe.

Sasa, kusifu bila kulaumu si kupima. Kuna meka zilizopigwa kitako mpaka chini imeingia ndani. Unga inaonekana imejaa, kumbe ni nusu ya uongo. Kuna maneno ya aibu yanayotupiwa wasichana wenye kupita. Kuna watoto wanaouzisha asubuhi, saa wenzao wako darasani. Hayo tusiyaite utamaduni.

Lakini lawama yetu kubwa ni juu ya megafoni. Siku hizi muchuuzi anaingiza sauti yake mara moja, anaweka megafoni juu ya meza, na yeye anakaa kimya. Sauti inarudilia bei ileile kwa mujane, kwa mutoto, kwa mulevi. Haioni mutu, haicheki, haipunguzi. Na kwa kuwa ina nguvu, inafunika bamama wa pembeni. Wao sasa wanaonyesha vidole tu, kama bubu. Hapo ndipo fujo inapoanza. Si pale watu wengi wanaposema, ni pale mumoja anaposema bila kungojea jibu.

Tulifahamu hayo kwa njia ya mwanafunzi wetu moja. Darasani alikuwa hafungui kinywa. Ukimuuliza kwa Kifaransa, kimya. Kwa Kiswahili bora, kimya vilevile. Tukaandika kwamba ni muzito. Jioni moja tukamukuta kwenye gunia ya mama yake. Tukataka kukata bei ya sombe. Akatuangalia kwa heshima, akasema: «Mwalimu, ile hesabu ulitufundisha, njo inakatala.» Tukalipa, tena tukatoa aksanti.

Kesho yake tulibadilisha somo. Kila mwanafunzi alete mapatano aliyoyasikia sokoni, ayaandike kwa masemi yetu, kisha kwa Kiswahili bora. Walipofika kwa «basela» wakakwama. «Nyongeza», mumoja akasema. Yule msichana akainua mukono, mara ya kwanza: «Hapana, mwalimu. Nyongeza unaweza kuilipia.»

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye kusimamia soko waangalie meka na wateremushe sauti za megafoni, kuliko kufukuza bamama barabarani. Wazazi wangojee masomo yaishe mbele ya kutuma mutoto kuuzisha. Na sisi walimu, darasa likipiga kelele, tutafute neno lingine. Kama ingekuwa kweli ni soko, kila mutoto angekuwa na jibu lake, na sisi tungelazimika kulisikiliza.