Neno "Hoodwink" na Kitambaa cha Macho

Kiingereza kina maneno mengi ya hila, lakini "hoodwink" lastahili kuangaliwa na kila mwalimu, kwa kuwa asili yake yaonekana wazi. Neno hilo ni mawili yaliyounganishwa. "Hood" ni kifuniko cha kichwa. "Wink" siku hizi ni kukonyeza, bali zamani ilikuwa kufumba macho kabisa. Basi katika karne ya 16 maana yake ilikuwa kumfunika mtu macho asione. Baadaye ikawa kumdanganya.

Walimu wengi huandika ubaoni "kudanganya", kisha hupita. Sisi twaona hiyo ni hasara, hasa wanafunzi wasomapo mchezo wa Shakespeare uitwao All's Well That Ends Well, uliopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1623. Humo yumo Parolles, askari wa majivuno, ambaye jina lake latokana na neno la Kifaransa lenye maana ya "maneno". Huyo ajisifu kwamba ataileta peke yake ngoma ya kikosi iliyotekwa vitani. Wenzake wamvizia usiku, wamfunga kitambaa machoni, na kusema lugha ya kubuni ili adhani ni adui. Kwa hofu atoa siri za jeshi lake, tena awasingizia wakubwa wake, nao wamesimama papo hapo wakimsikiliza.

Twauliza: aliyefunikwa macho ni nani? Parolles amefungwa kwa kitambaa. Lakini Bertram, bwana wake kijana, alikwisha kufungwa siku nyingi kwa maneno matupu, hata akamdhania shujaa. Kitambaa cha mwongo kilipofungwa, ndipo cha bwana wake kilipofunguka. Wala si chote: Bertram amchekaye Parolles amekwisha kudanganywa gizani na mkewe mwenyewe, asimtambue, na bado hajui.

Mwanafunzi aliyepewa "kudanganya" tu hataona jambo hili. Afadhali mwalimu aanze na kiini macho, neno letu wenyewe, ambalo nalo lasema habari za jicho: macho ya watazamaji yako wazi, lakini hawaioni kweli. Kisha ampe kitambaa cha Waingereza.

Nasi walimu tujihadhari. Tukiwapa vijana maneno pasipo maana zake, twawafunga macho huku tukidai kuwafumbua.