Fundo la Mpira

Jua halijachomoza, na baiskeli za mkaa zimeshaanza kuingia Ipuli, hapa Tabora. Mwenye baiskeli haipandi. Ameinama ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani, bega limeegemea magunia yaliyofungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu. "Mwangaluka," atakusalimu, ila hasimami, maana mzigo ukishasimama, kuuondoa tena ni shughuli nyingine.

Rafiki yangu mpiga picha alilitambua hilo siku ya kwanza, na ndiyo maana namheshimu. Hakumwambia mtu asimame atabasamu. Alitembea nao. Aliona kwamba barabara inapopanda ndipo mgongo unaposema kweli, akatangulia, akapiga goti vumbini ili asimtazame mtu kutoka juu, akangoja. Asubuhi nzima alipiga picha chache mno. Mwanga wa saa moja ulipopita, akaifunga kamera, akasaidia kusukuma.

Kazi ya kubeba ndiyo iliyoikuza Tabora. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, bidhaa nyingi za njia ya Bagamoyo hadi Ujiji zilipita vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi: frasila mbili hivi kwa mtu, takriban kilo 32, mbali na mkeka wake na chungu chake. Walipita hapa, wakapumzika hapa, na wengi hapa ndipo palikuwa kwao.

Picha zao zipo. Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni la Ujerumani miaka ile, na leo zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani. Huwa nazitazama kwa shukrani na kwa uchungu. Naona shingo zilizokakamaa, naona nyayo zilizopasuka, kisha natafuta jina la mtu na mara nyingi nakuta neno moja tu: wapagazi. Kule Marekani, Lewis Hine, aliyeanza mwaka 1908 kuwapiga picha watoto waliotumikishwa viwandani na migodini kwa niaba ya kamati iliyopinga ajira yao, aliuliza. Aliandika jina na umri, na kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe. Mimi nauhesabu uandishi huo kuwa nusu ya picha.

Mwezi uliofuata rafiki yangu alirudi Ipuli na picha zilizosafishwa, kila moja ina jina la mwenyewe nyuma. Mzee mmoja hakuutazama uso wake. Aliisogeza picha karibu na macho, akaweka kidole kwenye keria, pale mpira ulipofungwa.

"Fundo hili alinifundisha baba," alisema, kisha akamwita mwanawe aje aone jinsi linavyoanza kupita chini.