Istilahi za Kupanda Farasi: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki tafsiri za sheria, za kilimo na za sayansi. Safari hii twawaletea wasomaji jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo: kijitabu cha maelezo ya kambi moja ya wasichana huko magharibi ya Marekani, ambako watoto hufundishwa kupanda farasi na kusafiri nao katika njia za milimani. Kijitabu hicho kilitafsiriwa kwa ajili ya wazazi na walimu wa shule ambayo baadhi ya wanafunzi wake walialikwa huko, na mswada ukaletwa mezani kwetu ili tuupitie. Tulidhani kazi itakwisha kabla ya chai ya saa nne. Ilituchukua siku tatu.

Yapasa tuseme mapema kwamba mtafsiri si mtu wa kubezwa. Sarufi yake ni safi, na maelezo ya chakula, malazi na ratiba ya siku yanasomeka kana kwamba yaliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Dosari zake karibu zote zatoka katika dhana moja, kwamba kwa kuwa nchi yetu haina farasi wengi, basi na lugha yetu haina maneno ya farasi. Kwa hiyo kila alipokutana na kifaa au mwendo wa mnyama huyo, alijitungia neno kwa kulifuata la Kiingereza.

Ni kweli kwamba mbung'o na maradhi anayoyaeneza viliwazuia farasi kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Lakini watu wa pwani waliwajua farasi na punda wa kupanda, wakawa na msamiati wao kamili. Seruji ni kiti cha ngozi cha mpandaji. Lijamu ni chuma cha kinywani. Kigwe ni ukanda unaoshikwa mkononi. Kikuku ni mahali pa kutia mguu. Saisi ni mtunza farasi. Hatamu nayo haikufa hata kidogo. Katika miaka ya chama kimoja, kabla ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, nani katika Tanzania hakusikia kwamba Chama kimeshika hatamu? Neno lilibaki vinywani mwa watu, mnyama wake akasahauliwa.

Tena kuna jambo la kustaajabisha ambalo mtafsiri angelijua lingempa moyo. Wachunga ng'ombe wa Marekani hawakujibunia sanaa yao wenyewe. Waliirithi kutoka kwa Wameksiko, ambao waliipata kwa Wahispania waliofika huko na farasi mwaka 1519; na Wahispania walikuwa wamejifunza mengi kwa Waarabu na Waberberi waliotawala Andalusia. Neno la Kihispania jáquima, litajalo hatamu isiyo na chuma cha kinywani, asili yake ni Kiarabu, na Wamarekani wanalo hadi leo katika umbo lao. Seruji na lijamu zetu nazo zatoka Kiarabu. Kwa hiyo mtu anapoyatumia maneno haya kuelezea farasi wa milima ya Marekani, hafanyi kioja. Ndugu wawili waliopoteana wanakutanishwa.

Sasa tuitazame tafsiri yenyewe. Kichwa chake chasema, "Kambi ya Vituko ya Kiangazi." Vituko, kwa mzazi yeyote wa Kiswahili, ni mambo ya kuchekesha au ya aibu, na hakuna atakayelipa nauli ya ndege ili bintiye akafanye vituko. Makusudi ya kambi hizi ni mengine. Vyama vya wasichana vilivyoanzishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, kama kile cha Camp Fire Girls cha mwaka 1910 na kile ambacho Juliette Gordon Low alikianzisha mjini Savannah mwaka 1912, vilitaka msichana ajitegemee porini: awashe moto, asome ramani, amtunze mnyama. Neno la jambo hilo tunalo, nalo ni ukakamavu. Kiangazi nacho chapotosha. Likizo ndefu ya Wamarekani huangukia miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo kwetu ni kipupwe. Twapendekeza "Kambi ya Ukakamavu ya Likizo," na miezi itajwe kwa majina yake.

Mtafsiri ameandika pia "upandaji wa Kimagharibi." Kwetu sisi nchi za Magharibi ni pamoja na Uingereza na Ufaransa, hali Wamarekani hulitumia neno hilo kutofautisha mtindo wao na ule wa Kiingereza. Tulifikiria "upandaji wa kichungaji," tukaliacha upesi, maana msomaji angemwona mchungaji wa kanisa juu ya farasi. "Mtindo wa wachunga ng'ombe" ni refu kidogo, ila halimdanganyi mtu.

Katika vifaa, mtafsiri ameita seruji na kitambaa kinachowekwa chini yake kwa neno moja, tandiko. Twashauri seruji ibaki kuwa kiti, na tandiko liwe kitambaa cha kuukinga mgongo wa farasi. Ile nguzo fupi iliyo mbele ya seruji ameiita pembe. Kazi yake ya asili ni kuzungushiwa kamba iliyomnasa ng'ombe, na sisi tuna neno kigingi kwa kitu cha kufungia kamba ya mnyama. Kigingi cha seruji kinaeleza umbo na kazi kwa pamoja.

Hayo ni makosa ya kuchekesha. Yafuatayo hayachekeshi. Ule mshipi unaopita chini ya tumbo la farasi ili kuikaza seruji, mtafsiri ameuita "mkanda wa usalama." Msomaji anayejua motokaa ataelewa kwamba mtoto hufungwa juu ya farasi. Mpandaji hafungwi kamwe. Akianguka yapasa aachane na mnyama mara moja. Tena mshipi huu hukaguliwa kabla ya kupanda na kukaguliwa upya baada ya mwendo mfupi, kwa kuwa farasi wengine hujijaza pumzi wakati wa kufungwa, kisha mshipi ukalegea. Mtoto aliyeambiwa kwamba huo ni mkanda wake mwenyewe atakagua nini?

Agizo la kushusha visigino limeandikwa "weka miguu chini." Mtoto mtiifu ataitoa miguu katika vikuku. Maana iliyokusudiwa ni kwamba sehemu pana ya wayo, karibu na vidole, ikae juu ya kikuku, na kisigino kielekee chini, ili mguu usipenye mpaka ndani na mtoto akaburutwa aangukapo.

Kubwa kuliko hilo ni agizo la kugeuza farasi. Tafsiri yasema, "Vuta hatamu upande unaotaka kwenda." Hivyo ndivyo wafanyavyo wapandaji wa mitindo mingine, washikao kigwe kwa kila mkono. Farasi wa wachunga ng'ombe hufundishwa kuuepuka mguso wa kigwe shingoni. Mpandaji hushika vigwe vyote viwili kwa mkono mmoja; akitaka kwenda kushoto huupeleka mkono kushoto, kigwe cha kulia kikaigusa shingo kwa upande wa kulia, ndipo farasi hugeuka. Anayevuta vigwe viwili kwa mkono mmoja humwamuru farasi asimame, na akizidi kuvuta, mnyama hurudi kinyumenyume. Katika njia nyembamba ya mlimani yenye korongo ubavuni, tofauti hiyo si ya sarufi.

Kuhusu mwendo, tafsiri ina maneno mawili tu, kutembea na kukimbia, hata ikamkataza mtoto asikimbie na papo hapo ikaahidi kwamba atafundishwa kukimbia. Kiswahili kina matiti, mwendo wa kudundadunda wa miguu miwili miwili, na shoti, mbio za nguvu zote. Kati ya hizo mbili upo mwendo wa mapigo matatu ambao twaupendekezea jina la nusu-shoti, mpaka atokee mwenye neno bora.

Tumeiweka mwisho fomu ya mzazi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Tafsiri yasema, "Ninamwachilia mtoto wangu kwa kambi." Mzazi ataisoma kuwa ni ruhusa ya kusafiri, ataweka saini na kushukuru. Sivyo ilivyo. Kinachoachiliwa si mtoto. Ni haki ya kudai. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria isemayo kwamba mwenye farasi hana dhima kwa madhara yatokanayo na hatari zilizo za asili ya shughuli hiyo, kama vile farasi kushtuka ghafula, ingawa aghalabu dhima humbakia akimpa mpandaji vifaa ambavyo alijua kuwa ni vibovu. Tafsiri iliyo sahihi ni hii: "Naiondolea kambi dhima ya madhara yatokanayo na hatari za asili za kupanda farasi." Mzazi akisoma hivyo huenda akatia saini vilevile, au huenda akauliza maswali kwanza. Yote mawili ni haki yake, na tafsiri ya awali ilimnyima bila mtafsiri kukusudia.

Wako watakaosema kwamba kwa wasichana wachache tu haikustahili kuhangaika hivi. Sisi twaona kwamba istilahi haipimwi kwa wingi wa watakaoitumia. Mfasiri aliyekosa neno asikimbilie kubuni. Aanze na kamusi za zamani, kisha awaulize watu wa Lamu, ambao hadi leo punda ni chombo chao cha kila siku. Maneno tuliyoyapendekeza hapa, hasa kigingi cha seruji na nusu-shoti, hayajasanifiwa. Wasomaji wenye ujuzi wa wanyama wa kupanda wanaombwa watuandikie.