Fundi wa Ukili

Asubuhi ya Juni 25, 2025, jua halijakolea bado, nilimkuta mzee wetu wa Tandika amechuchumaa mbele ya ubao wake mweusi, kitambaa kibichi mkono mmoja, kipande cha chaki mkono wa pili. Ubao ule ni wa kibanda umiza. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wapita njia mechi gani inaoneshwa leo, saa ngapi, na kiingilio shilingi ngapi. Lakini sisi wa mtaa ule tuliujua kwa kazi yake ya pili. Chini ya jina la mechi mzee alikuwa akiandika mistari mitatu, ikizidi sana minne, ya kuichambua. Waliokwenda duka la kubeti mtaa wa pili walisimama hapo kwanza, kama watu wanaosimama kisimani kabla ya safari.

Siku hiyo aliandika: "Yanga 79, Simba 78. Sare ni ya Yanga. Simba ana lazima, na lazima si nguvu. 1X": mwenyeji ashinde au atoke sare. Akajipangusa vumbi la chaki kwenye goti, akaagiza kahawa.

Nimesoma kurasa nyingi za michezo maishani, na sikumbuki kuona mechi ya kufunga msimu na kuamua bingwa ikiwekwa wazi kwa maneno machache kiasi hicho. Mji mzima ulikuwa umeizungumza mechi ile tangu Machi 8, siku iliyopangwa kwanza kabla ya kuahirishwa. Redioni watu walikuwa wamekabana makoo. Mtu mwenye dau lake mfukoni alishajazwa kila kitu isipokuwa kile alichokuwa anakihitaji: nani anataka nini uwanjani leo, na kukitaka huko kutamfanya acheze vipi. Yanga, mwenyeji, angeweza kukaa nyuma dakika zote na kombe likarudi kwake, Jangwani. Simba asingeweza kukaa. Tena mwezi mmoja tu nyuma, Mei 25, alikuwa ametoka sare na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar, akaliona Kombe la Shirikisho likipanda ndege kwenda Morocco. Miguu ile ile ndiyo iliyokuwa ikidaiwa tena. Na timu inayodaiwa ushindi huenda mbele yote, mlango wa nyuma ukabaki na komeo bovu.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza mbona historia hakuigusa. Nikamtajia zile sita za Simba za 1977 na mabao matatu ya Abdallah Kibadeni. Nikamtajia tano kwa moja za Yanga za Novemba 2023. Akacheka.

"Mwanangu, mabao ya 1977 yamesajiliwa na nani msimu huu?"

Nikamkumbusha kwamba Yanga amemfunga Simba mara nne mfululizo. Hilo alilitafuna kidogo kabla ya kujibu. "Hilo ni konyo," akasema. "Linanukia karafuu, lakini ni konyo."

Mzee ni mtu wa Pemba, na neno hilo alivuka nalo bahari. Utotoni, msimu wa karafuu, waliketi na mama yake usiku, kibatari katikati, vishada vimerundikwa hadi kifuani, wakichambua. Mpaka leo anaweza kukuonesha kwa mikono mitupu: unakamata kishada, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili, unazungusha mara moja tu, karafuu zinadondoka huku, makonyo unayasukuma kule. Makonyo si takataka. Yana mnunuzi wake na bei yake, maana hukamuliwa mafuta. Ndiyo maana mtoto mchovu huyaacha yachanganyike na karafuu, akijipa moyo kwamba usiku ni giza na rundo ni kubwa. Mama yake hakuwa akitazama. Alipitisha mkono juu ya rundo taratibu, kama anayempapasa mtoto homa, na vidole vikikuta konyo moja tu, rundo lote lilirudishwa kwa mwenyewe alianze upya. Hakuna aliyefokewa. Kibatari kilisogezwa tu karibu yake.

Siku hizi kila linalosemwa kuhusu mpira tunaliita uchambuzi, na kila mwenye kipaza sauti ni mchambuzi. Tumesahau kwamba neno hilo ni la vidole. Mchele huchambuliwa mawe, pamba huchambuliwa mbegu, karafuu huchambuliwa makonyo. Anayekumwagia takwimu za mechi 5 zilizopita, majeruhi 3, rangi ya jezi na ndoto ya shabiki, hajachambua. Amekuletea rundo na kukuachia kibatari.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili. Mei 27, 2023, siku ya mwisho ya ligi ya Ujerumani, Dortmund alikuwa mbele ya Bayern kwa pointi 2, yuko nyumbani, mgeni wake Mainz hana anachokigombea. Magazeti yote yaliliandika jambo hilo kama zawadi: timu yenye kiu dhidi ya timu iliyokwisha kunywa. Mzee akaandika ubaoni: "Dortmund: tazama, usiguse." Nikapita pale nikitabasamu, nikaenda kuiweka mechi hiyo mwanzoni mwa mkeka wangu wa kubeti, pesa ya kodi nusu yake ikiwa ndani.

Nusu saa haijatimia, Mainz 2, Dortmund 0, na katikati ya mabao hayo Sébastien Haller amekosa penalti. Kibanda kizima kilinyamaza. Dortmund wakarudisha, la pili dakika za nyongeza, lakini kule Köln Jamal Musiala alikuwa ameshaifungia Bayern dakika ya 89. Wote 71, ubingwa ukaenda Munich kwa tofauti ya mabao. Kesho yake nilimwendea mzee na swali moja: alijuaje? Akaniambia hakujua. Alichokiona ni kwamba asiye na cha kupoteza hutembea mwepesi, na mwenye kila kitu cha kupoteza huubeba uwanja mzima mgongoni. Mizani hiyo yeye hakuweza kuisoma, na aliposhindwa kuisoma aliandika hivyo. Tangu hapo naamini kwamba sehemu ngumu zaidi ya ufundi huu ni yale maneno mawili, "tazama, usiguse". Mchambuzi anayelipwa kwa kila mechi hana nafasi ya kuyasema.

Jambo la pili alilokuwa akilishika sana ni kwamba mechi ya siku ya mwisho haichezwi uwanja mmoja. Huwezi kusoma yako bila kusoma ya jirani. Ushahidi wake ulikuwa Gijón, Hispania, Kombe la Dunia la 1982. Algeria walikuwa wamemaliza mechi zao siku moja kabla. Ujerumani Magharibi na Austria wakaingia uwanjani wakijua kwamba Mjerumani akishinda kwa bao moja au mawili, wote wawili wanapita. Bao likaja dakika ya 10, kisha wakapasiana mpira kama watu wanaosubiri daladala, huku Waalgeria jukwaani wakipunga noti kwa hasira. Ni baada ya aibu hiyo ndipo mechi za mwisho za makundi zikawa zinaanza kwa wakati mmoja. Ilikuwa Juni 25. Mzee aliitaja tarehe hiyo asubuhi ile, akitikisa kichwa, bila kusema zaidi.

Ufundi wa namna hii haukuzaliwa ubaoni. Ulilelewa na redio. Kizazi chake kiliujua mpira kwa masikio, kikajifunza kupima mchezo kwa sauti ya mtu: Leonard Mambo Mbotela kutoka Nairobi, Charles Hilary wa Radio Tanzania na baadaye mashirika ya ng'ambo. Watu wale walilazimika kuchagua. Sekunde moja ya redio haibebi kila kitu, basi walikupa mguu uliogusa, upande mpira ulikokwenda, na nani alichelewa. Vingine waliviacha. Mwaka ule ule wa 2025 tukawapoteza wote wawili, Mbotela mwezi Februari, Hilary mwezi Mei, na mwezi uliofuata tukaingia mechi ya kuamua bingwa tukiwa na wasemaji wengi kuliko wakati wowote.

Na wanasema nini? Kwamba mechi itakuwa ngumu. Kwamba mpira unadunda. Kwamba dakika 90 zitaamua. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekuuzia dawa ya meno, wanakupa mkeka wa uhakika, mechi 10, ubonyeze hapa.

Mkeka! Lugha yetu iliwaazima wabeti neno zuri kuliko walilostahili. Mkeka wa kweli huanza na ukindu uliokaushwa, ukachanwa, ukatiwa rangi, ukasukwa kuwa ukili, mrefu, wa upana wa kiganja. Baadaye ndipo kili hushonwa ubavu kwa ubavu. Ukili mmoja ukiwa mbovu, mkeka wote utafumukia hapo. "Mimi nasuka ukili," mzee hupenda kusema. "Mkeka shoneni wenyewe." Hajawahi kuandika mechi 2 kwa siku moja.

Sababu yake aliwahi kuifanyia hesabu ubaoni. Mechi 10, kila moja odds 1.30, kila moja ikionekana rahisi kama kunywa maji. Zizidishe: shilingi 1,000 inarudi karibu 13,800. Hicho ndicho chambo. Sasa geuza upande wa pili. Odds 1.30 maana yake, hata kama kampuni isingejiwekea chake, jambo hilo hutokea mara 10 katika 13. Yote 10 kutokea pamoja ni kama mara 7 katika 100. Na kampuni hujiwekea chake. Vijana waliitazama namba hiyo kwa heshima, wakapiga picha, wakaenda kusuka mikeka ya mechi 10.

Jioni ya Juni 25 Yanga akashinda 2-0. Pacôme Zouzoua kwa penalti kipindi cha pili, Clement Mzize akamalizia mlango ule wa nyuma ulipokuwa wazi kabisa. Barabara ikawa njano na kijani. Katikati ya ngoma nikamwona kijana mmoja, fundi pikipiki wa pale jirani, kakaa kwenye tairi na simu mkononi. Yanga alimpa. Mechi aliyoijua kama jina la mama yake ilitiki. Lakini alikuwa ameishona na nyingine 9, na mojawapo, ya timu za Finland ambazo hata jezi zao hazijui, ilikuwa imechana mkeka mchana ule ule. Mzee alipita na kitambaa chake, akamwangalia, akamwagizia kahawa.

Siku hizi ubao umefunikwa bango la plastiki lenye rangi kali, mechi 10 zimepangwa na namba zake tayari, na mwenye kibanda hulipwa kwa ajili ya nafasi hiyo. Simlaumu, ana watoto. Mzee bado huja asubuhi, hukaa kwenye benchi lile lile. Watu wakianza kubishana, mkono wake huingia mfukoni, ambako bado kuna kipande cha chaki. Hukigusagusa, kisha hukiacha.