Mkono Usioshika Spana

Kwa sisi tunaokaa Yombo Vituka, upande wa Temeke unaotazama Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ndege ndogo ni sehemu ya asubuhi. Jua halijapanda sawasawa, Cessna Caravan zimeshaanza kuondoka kutoka Jengo la Kwanza la abiria: hii inakwenda Unguja, ile Mafia, nyingine Pemba, nyingine inaelekea Hifadhi ya Nyerere au Ruaha. Wahenga walisema ukiona vinaelea, vimeundwa. Ndege hizi zimeundwa, zimetunzwa na mafundi, na juu ya hayo zimepita machoni mwa mtu ambaye abiria hamjui na pengine hatamwona maishani. Huyo ndiye ninayetaka kumpa sifa zake: mkaguzi wa serikali wa usalama wa ndege.

Rubani tunamtambua kwa mistari ya begani. Fundi tunamtambua kwa spana na mikono yenye grisi. Mkaguzi anakuja na tochi, kioo kidogo chenye mpini, kitambaa, kalamu na kitambulisho cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hakazi nati. Hajazi mafuta. Akikuta kasoro anaiandika na kumwachia fundi airekebishe, kwa sababu angeirekebisha yeye, nani angemkagua? Ufundi wake wote umo katika jambo moja: kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo. Karatasi inasema hivi, chuma kinasema nini?

Kazi hii ina nasaba. Kwa Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, nchi zilikubaliana kwamba kila moja itaandikisha ndege zake, itazipa cheti cha kufaa kuruka, na nchi nyingine zitakiheshimu cheti hicho. Ibara ya 29 inataja nyaraka ambazo ndege inayovuka mpaka lazima iwe nazo, kuanzia cheti cha usajili hadi leseni za wanaoirusha. Ndege yenye alama 5H ubavuni inabeba dhamana ya Tanzania popote itakapotua. Huku kwetu usimamizi huo ulikuwa wa pamoja wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikalazimika kusimamia anga yake. Mamlaka yetu ya sasa ilianza kazi mwaka 2003, na usafiri wa anga ukiwa jambo la Muungano, mkaguzi yuleyule ana kauli Dar es Salaam na Zanzibar. Mwaka 2007 Jumuiya mpya ikaunda wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ili nchi wanachama zilinganishe kanuni na kusaidiana wataalamu.

Tumtazame sasa akiwa kazini. Ameingia eneo la maegesho bila kupiga simu kabla, maana ukaguzi uliotangazwa ni nusu ukaguzi. Rubani kijana anashuka ngazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kapteni. Naomba leseni yako, cheti cha afya, na kitabu cha ufundi cha ndege."

Anasoma akiwa amesimama, bila haraka. Hasomi tarehe peke yake. Anatazama kasoro zilizoahirishwa: taa fulani haiwaki, imeandikwa itatengenezwa baadaye. Kanuni inaruhusu baadhi ya vitu visubiri, kwa siku maalumu na kwa masharti maalumu. Anahesabu siku. Kisha anatafuta kitu ambacho mtu asiye na uzoefu hawezi kukiona: kasoro inayorudi. Wiki iliyopita fundi ameandika "imerekebishwa", leo rubani mwingine ameandika lalamiko lilelile kwa maneno mengine. Kila saini iko mahali pake, lakini ugonjwa haujapona. Hapo karatasi imeshaanza kumwambia sehemu ya ndege ya kwenda kuimulika.

Kitabu kikiwa safi mno nacho kinamsimamisha. Ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo na changarawe mbugani, kila siku, mwaka mzima, bila kuandikiwa hata mkwaruzo mmoja, inawezekana haielezwi kwa ukweli. Anachukua tochi na kuanza kuizunguka.

Anaanzia mbele, kwenye propela. Kwenye viwanja vya changarawe propela hunyanyua vijiwe vikaipiga ncha yake. Pengo dogo la kiasi cha punje ya mchele linaweza kuwa mwanzo wa ufa, kwa sababu chuma kinachozunguka kwa kasi hukusanya nguvu zote mahali penye jeraha. Anapitisha kidole kwenye ukingo wa kila panga. Akigusa pengo lililosuguliwa na kulainishwa ipasavyo anaridhika na kutafuta maandishi ya kazi hiyo kitabuni. Akigusa lenye makali, anaita fundi.

Anapita kwenye mrija mwembamba unaopokea upepo na kuwaambia marubani kasi ya ndege. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaupenda mrija huo, na ndege ikilala bila kifuniko wanaweza kuuziba. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa iliyoondoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ilianguka baharini na watu 189 wakafa baada ya kipimo cha kasi kuwadanganya marubani. Wachunguzi walihisi mrija ulikuwa umezibwa, na walioshukiwa ni wadudu hao. Kwa hiyo mkaguzi anauliza swali dogo: kifuniko kiko wapi, na usiku wa jana kilivalishwa?

Chini ya bawa anaomba mafuta yachujwe mbele ya macho yake kwenye kikombe kinachoonyesha. Usiku wa pwani una unyevu mwingi. Maji hujikusanya ndani ya tangi na kuzama chini ya mafuta. Anatazama kama kuna tone linalotambaa chini ya kikombe. Anatazama rangi pia, kwa sababu petroli ya ndege za pistoni hutiwa rangi ya bluu, na mafuta ya injini ya Caravan hayana bluu hiyo.

Kisha ribiti. Bawa lina mamia ya ribiti, na macho ya mkaguzi yanateleza juu yake mpaka yanaponaswa na moja yenye mkia mweusi nyuma yake, kama masizi. Ribiti hiyo imelegea: inasugua bati kidogo kidogo kila safari na kutoa unga mweusi unaopeperushwa na upepo. Mahali pengine rangi imevimba. Chini ya uvimbe huo mna unga mweupe, na huo ndio kutu ya alumini. Dar es Salaam, Unguja, Mafia na Pemba zote zina chumvi hewani, na chumvi hailali.

Nyaya za chuma zinazopeleka amri kutoka usukani hadi mkiani huzigusa kwa kitambaa. Waya umesukwa kwa nyuzi nyingi. Uzi mmoja ukikatika jicho halioni, lakini kitambaa kinanasa. Mkono mtupu ungeumia. Anakipitisha kitambaa hasa pale waya unapopinda kwenye kapi, maana ndipo unapochoka. Huu ni ujuzi wa vidole, na hakuna mtihani wa kuandika unaoweza kuupima.

Jambo ninalolistahi zaidi ni namna anavyohesabu umri. Sisi tunahesabu umri wa gari kwa miaka au kilomita. Injini ya Caravan hupimwa kwa saa: ile ya aina ya PT6A-114A kwa kawaida hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ifikapo saa 3,600. Lakini baadhi ya vipande vyake, pamoja na magurudumu na miguu ya ndege, huchoka kwa idadi ya safari, yaani kila kuwasha, kupaa na kutua. Safari ya Dar es Salaam kwenda Unguja ni kama dakika 20. Ndege inayokwenda na kurudi kisiwani inaweza kukusanya safari tatu kwa kila saa moja ya kuruka, wakati nyingine iliyokwenda mbali Katavi imefanya moja kwa saa nyingi. Saa zao zinalingana, uchovu wao haulingani. Mkaguzi anajua kwamba hesabu mbili zinatakiwa kuandikwa, na anajua ipi husahaulika.

Kuna kisa ambacho ningependa kila mwanafunzi wa fani hii akisome. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ilipaa, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka. Watu wote 21 walikufa. Siku mbili kabla ilikuwa karakana, ambako fundi aliyekuwa akijifunza kazi hiyo alikaza vibaya waya zinazoongoza bawa la mkia, na baadhi ya hatua za kitabu zikarukwa. Mwalimu aliyemsimamia ndiye huyohuyo aliyeikagua kazi na kuipitisha. Baada ya hapo ndege iliruka safari kadhaa bila tatizo. Siku ya ajali ilikuwa imejaa, na uzito umeelemea nyuma. Abiria na mizigo walikuwa wamehesabiwa kwa wastani uliopitwa na wakati, na wachunguzi hawakuiacha nje serikali yenyewe kwa usimamizi wake. Baada ya hapo Marekani ilipandisha wastani wa uzito unaotumika kwenye hesabu hizo.

Kila kipengele cha kisa hicho kimo katika kazi ya mkaguzi wetu. Ndiyo maana anauliza aliyefanya kazi ni nani, na aliyeikagua ni nani, na kama majina hayo ni mawili tofauti. Ndiyo maana anasimama kando ya mizani. Caravan kubwa ya kawaida, Grand Caravan, inaruhusiwa kuondoka ikiwa na uzito usiozidi kilo 3,969, na ndani yake wamo watu, mafuta, mizigo na ndege yenyewe. Kilo 15 za begi laini ambazo kampuni za safari za mbugani hutangaza zina maana halisi. Kule Arusha, mita takriban 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar, na ndege yenye uzito uleule inahitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke.

Utenganifu wa mkono unaofanya kazi na ule unaoikagua unafika mpaka juu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, uchunguzi ulikuwa mikononi mwa kitengo cha wizara inayohusika na uchukuzi, nje ya Mamlaka iliyokuwa ikisimamia usalama. Anayetoa cheti asiwe hakimu wa cheti chake. Ni uungwana wa kitaasisi ambao nchi nyingi zilijifunza kwa machozi.

Nimewahi kusimama Keko kwenye karakana za samani na kumwona mnunuzi mzoefu akikipindua kiti juu chini kabla ya kutazama varnishi. Anataka kuona kiungo. Mkaguzi wa ndege ana tabia hiyo, ila kiti chake kinabeba watu kumi na kitu angani, na hawezi kumwambia mwenye mali abaki nacho kisha aondoke zake. Akisema hapana, ndege hairuki. Abiria wameshafunga mikanda, wengine wana ndege ya Ulaya jioni. Simu ya mwenye kampuni inaita. Joto la Dar limeshaingia ndani ya bati. Hapo ndipo ufundi unapohitaji tabia. Mkaguzi mzuri hapandishi sauti, hatafuti kosa la kujionyeshea, na hababaiki. Anamwonyesha rubani kifungu cha kanuni, anamwonyesha fundi mahali penyewe, anaandika, anasaini. Na siku ambayo kila kitu kiko sawa anasema hivyo kwa uwazi uleule, kwa sababu mkaguzi asiyeweza kuridhika ana hatari yake: watu huacha kumwambia ukweli.

Malipo ya kazi hii ni siku zisizo na habari. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba leo Caravan ya saa moja asubuhi imefika Mafia. Kwa hiyo nawaomba wenye dhamana ya fedha za umma wawalipe wakaguzi hawa vizuri na wawafundishe bila kukoma, maana kote duniani mashirika ya ndege hujua thamani yao na huwavuta. Nawaomba vijana wanaojifunza ufundi pale VETA Chang'ombe wafahamu kwamba mkono uliozoea chuma, ukiongezewa usomaji na uadilifu, unaweza kufika huko. Nawe msafiri, ukiombwa kupanda kwenye mizani pamoja na begi lako, panda bila kuficha kilo. Na safari yako ikichelewa kwa sababu mtu mwenye tochi ameuliza swali, msubiri apate jibu.